Malaika Hahitaji Chandarua

Jinsi ya kuwavisha watoto kwa igizo la Krismasi bila kuingia katika madeni



Kila ifikapo Novemba, watoto wa Shule ya Jumapili hapa Kagunga huanza kutuuliza swali lile lile: "Mwalimu, mwaka huu mimi nitakuwa nani?" Karibu wote wanataka kuwa malaika. Wachache hukubali kuwa wachungaji wa kondoo, na hakuna anayetaka kuwa Herode mpaka aambiwe kwamba Herode huvaa taji. Nasi tukirudi nyumbani huanza kujiuliza letu: Watavaa nini, na nani atalipa?

Katika nchi kama Marekani, jioni ya tarehe 31 Oktoba watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende, na akina mama wa huko huhangaika kuyapata kwa bei nafuu. Kwetu desturi hiyo haipo. Lakini hangaiko la mavazi tunalijua vizuri, maana igizo la Krismasi hutudai kanzu, vilemba, mataji na mabawa, tena katika mwezi ambao sare na madaftari ya Januari tayari yanatungoja.

Sisi tunaoandika haya ni wauguzi kwa kazi, na walimu wa watoto kanisani kwa kujitolea. Tunataka kuwaeleza namna tulivyojifunza kuwavisha watoto kwa gharama ndogo. Kwanza, hata hivyo, inatupasa tukiri kosa letu, kwa sababu ndilo lililotufundisha.

Krismasi ya mwaka 2023

Mwaka ule tulitaka igizo letu lipendeze kuliko miaka yote. Tulikaa kikao na kuamua, bila kuwauliza wazazi, kwamba malaika wote 12 wavae magauni meupe yenye mabawa ya neti nyeupe. Kila mzazi amwandalie mtoto wake. Tukatangaza kanisani, tukaona tumemaliza kazi.

Tulisahau kuutazama mwezi. Ninyi mnaoishi kando ya Ziwa Tanganyika mnajua tunachosema. Dagaa wetu huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina nguvu ya kuwavuta, wavuvi hupumzika, na fedha hupungua nyumbani. Mwaka 2023 mwezi mpevu uliangukia usiku wa kuamkia tarehe 27 Desemba. Kwa hiyo siku zile zile tulizokuwa tukidai magauni meupe, mitumbwi mingi ilikuwa imepumzika ufukoni.

Watoto wawili waliacha kuja mazoezini. Tulipoulizia, mama zao walituambia wanaumwa. Baadaye tulijua hawakuwa wagonjwa. Hawakuwa na nguo.

Mtoto wa tatu, binti wa miaka 8, alikuja siku ya igizo akiwa na mabawa mazuri kuliko ya wenzake wote, mapana na mepesi, yakipepea kila alipotembea. Kanisa zima lilimpigia makofi, nasi tukiwa wa kwanza.

Katika wiki ya pili ya Januari, usiku, mama wa binti yule alibisha hodi zahanati akiwa amembeba mdogo wake, mtoto wa mwaka mmoja. Alikuwa na homa kali, amekataa kunyonya, na njiani alikuwa amepata degedege. Kipimo kilionyesha malaria. Tulimpa sindano ya kwanza ya malaria kali, na alfajiri tukapanda naye boti kwenda hospitali Kigoma mjini. Waliowahi kusafiri na mgonjwa kwa boti, wakipita mbele ya misitu ya Gombe huku wakihesabu pumzi za mtoto, wanajua urefu wa safari hiyo.

Kabla ya kuondoka tulimwuliza mama yule swali tunalomwuliza kila mzazi: "Mtoto hulala ndani ya chandarua?"

Alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Dada, chandarua chenyewe ndicho kile mlichokipigia makofi."

Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Siku 5 baadaye alirudi nyumbani akiwa mgongoni kwa mama yake. Hatuwezi kusema ni mbu yupi aliyemwuma wala usiku gani. Lakini tunajua kwamba mtoto yule alilala bila kinga wakati wa mvua, na tunajua nani aliyetangaza mabawa ya neti. Mama yule ameturuhusu kusimulia habari hii, bila jina lake, ili isimpate mwingine.

Mama mpendwa, chandarua ulichopewa kliniki wakati wa ujauzito, au mtoto alipopata chanjo ya surua akiwa na miezi 9, si kitambaa cha kushonea. Kimetiwa dawa ya kuua mbu. Ukikikata unapoteza kinga ya familia, na tena unamvika mtoto dawa ambayo inaweza kumwasha ngozi na macho. Hata kile kilichochakaa kisifanywe shela wala bawa.

Anza na sanduku la nyumbani

Mwaka 2024 tulianza upya. Ulikuwa mwaka mgumu kwa nyumba nyingi za wavuvi, kwa sababu uvuvi ulisimamishwa ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Safari hii tuliwaita akina mama mapema, tukawaomba kila mmoja aje na nguo moja tu aliyo nayo nyumbani, ya aina yoyote, tuangalie pamoja inaweza kuwa vazi la nani. Tulishangaa. Hivi ndivyo tulivyofanya:

Malaika. Shati jeupe la baba, likivaliwa nyuma mbele na vifungo vikifungwa mgongoni, humfika mtoto wa miaka 7 magotini. Kunja mikono, funga kiunoni utepe wa kitambaa, na kanzu ya malaika iko tayari. Shuka nyeupe nayo hufaa: ikunje mara mbili, shona mabegani kwa mishono mirefu ambayo utaifumua baada ya sikukuu, na shuka itarudi kitandani ikiwa nzima. Usiikate.

Mabawa. Someni tena Luka sura ya 2. Habari ile ya malaika na wachungaji haitaji mabawa hata mara moja. Basi mtoto asiye na mabawa bado ni malaika kamili. Wakiyataka sana, kateni katoni ya sabuni au ya biskuti, bandikeni juu yake karatasi za kalenda ya zamani, upande mweupe ukiwa nje, kwa gundi ya uji mzito wa unga wa muhogo. Tobоeni matundu manne na kupitisha vipande vya kanga kuukuu, mtoto avae kama anavyovaa begi la shule.

Wachungaji wa kondoo. Hawa ndio rahisi kuliko wote. Koti la baba likigeuzwa ndani nje, au blanketi lililofungwa begani, linatosha. Kichwani weka taulo au kikoi, ukalikaze kwa kamba. Gunia pia hupendeza, ila mvalishe mtoto fulana ndani ili lisimchome. Fimbo iombeni kwa babu. Babu zetu wa Buha wamechunga mbuzi na ng'ombe katika milima hii, na wakiombwa fimbo watawafundisha watoto hata namna ya kuishika.

Mariamu. Doti moja ya kanga au ya kitenge humtosha: kipande kimoja kiunoni, kingine kichwani hadi mabegani. Si lazima iwe rangi ya buluu kama kwenye picha za kadi. Alikuwa mama wa kijijini, naye alivaa kama akina mama wa kwao.

Yusufu na mamajusi. Hapa tulisaidiwa na jirani yetu Mwislamu. Aliposikia tunatafuta kanzu, alituazima kanzu 3 ambazo wanawe huvaa Idi, pamoja na kofia zake. Tulimrudishia siku ya tatu, zimefuliwa na kupigwa pasi, na sahani ya maandazi juu yake. Tangu hapo hujitolea mwenyewe kabla hatujaomba. Joho la mamajusi ni kitenge cha mama kilichobanwa shingoni kwa pini. Taji ni katoni iliyozungushiwa karatasi ya kung'aa ya pakiti za biskuti au majani ya chai. Zawadi zao ni kopo, kijaluba na chupa tupu ya marashi.

Tena, Mathayo anataja zawadi tatu, lakini hasemi mamajusi walikuwa watatu. Kwa hiyo mkiwa na watoto 6 waliobaki bila nafasi, wafanyeni wote kuwa mamajusi. Asiachwe mtoto kwa sababu ya hesabu.

Kondoo na ng'ombe. Wadogo wa miaka 3 na 4 hawawezi kukariri maneno, lakini wanaweza kulia kama kondoo. Fulana yao ya kila siku, masikio ya kitambaa yaliyoshonwa kwenye lastiki ya kichwani, na mkia wa kamba, vinatosha.

Kichanga. Tumieni mwanasesere wa matambara aliyefungwa vizuri ndani ya kanga. Kichanga halisi aachwe anyonye kwa mama yake.

Kwa watoto 31 tulinunua uzi, pini, lastiki na katoni chache. Vyote viligharimu shilingi 11,500. Mwaka uliotangulia, mama mmoja peke yake alitumia zaidi ya hizo kwa gauni moja.

Ikibidi kununua

Wakati mwingine sanduku la nyumbani halitoshi. Basi nenda kwenye mitumba, lakini nenda ukiwa umejipanga.

Kwanza, andika unachotafuta na kima cha mwisho cha fedha yako, uviweke fedha hizo peke yake ndani ya leso. Mama anayekwenda sokoni bila orodha hurudi na blauzi yake mwenyewe, na mtoto bado hana kanzu.

Pili, usiende siku robota linapofunguliwa. Siku hiyo nguo nzuri huwa ghali. Subiri siku chache, bei iteremke.

Tatu, usitafute nguo ya mtoto. Tafuta shati kubwa jeupe la mtu mzima au pazia jepesi. Mara nyingi huwa rahisi kuliko gauni dogo lenye marinda, na kutoka kitambaa kimoja unaweza kupata kanzu na kilemba.

Nne, nunua kitu kitakachovaliwa tena. Shati jeupe la Krismasi linaweza kuwa sare ya shule Januari. Vazi la siku moja ndilo ghali kuliko yote, hata kama bei yake ni ndogo.

Wala usikope kwa ajili ya igizo. Fedha ya kikundi ni ya biashara, ya ada na ya ugonjwa. Mkopo wa mabawa hauna faida ya kuulipa.

Maneno ya muuguzi

Katika kazi yetu tumeona mambo madogo ya sikukuu yakileta machozi. Tunaomba myaangalie haya:

Mitumba na nguo za kuazima zifuliwe kwa maji ya moto na sabuni, zianikwe kwenye kamba juani, kisha zipigwe pasi pande zote mbili, hasa kwenye mishono. Usianike juu ya majani au chini kivulini, maana kuna inzi ambaye hutaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia katika ngozi ya mtoto. Joto la pasi huyaua mayai hayo. Nguo isiyoweza kufuliwa, kama koti zito, ifungiwe ndani ya mfuko kwa muda wa wiki moja. Vijidudu vya upele haviwezi kuishi muda mrefu mbali na mwili wa mtu.

Ndevu za pamba na mishumaa havikai pamoja. Pamba hushika moto mara moja, vivyo hivyo karatasi na vitambaa vya nailoni. Watoto wenye mavazi wasibebe mshumaa wala kibatari. Tumieni tochi au taa ya sola, na ndoo ya maji iwe karibu. Mtoto akiungua, mwagie maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20, kisha mlete zahanati. Msipake dawa ya meno, mafuta wala unga.

Kumchora mtoto ndevu usoni, tumieni mkaa uliosagwa laini na kuchanganywa na mafuta ya kujipaka. Msitumie unga mweusi wa betri, rangi ya viatu, wala piko. Piko ni dawa ya nywele, na inaweza kuunguza ngozi ya mtoto na kuvimbisha uso wake.

Nguo zisiburute chini. Urefu uishie kwenye kifundo cha mguu, kwa maana malaika anayejikwaa kwenye ngazi za madhabahu huja kwetu kushonwa kidevu. Kamba yoyote shingoni iwe ya kufunguka upesi. Pini zote zihesabiwe kabla na baada, kwa sababu wadogo huziweka kinywani.

Wekeni mavazi pamoja

Baada ya igizo la 2024 hatukuyatawanya mavazi yasiyo na mwenyewe. Tuliyafua, tukayatia ndani ya sanduku la bati kanisani, na kila vazi tukalishonea kipande cha kitambaa chenye namba. Mama mmoja hutunza daftari. Anayeazima huandikwa, na hurudisha nguo ikiwa safi. Hata shule ikiwa na sherehe, sanduku letu hutumika.

Kufukuza wadudu tunatia majani makavu ya mwarobaini. Vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo hatuvitumii kwenye nguo za watoto. Mtoto anaweza kuvidhani ni peremende akavimeza, na kwa watoto wenye upungufu fulani wa kurithi katika damu, ambao ni wengi katika nchi zenye malaria, hata kuvaa nguo zilizokaa navyo kunaweza kuharibu chembe za damu.

Neno kwa viongozi wenzetu

Tunaopanga maigizo ndio tunaobeba mzigo huu kwanza. Tukisema "kila mtoto aje na gauni jeupe," tunadhani tumeomba kitu kidogo. Mama anayelisikia tangazo hilo amekaa kwenye benchi akihesabu unga uliobaki. Hatasimama kusema hana. Atamficha mtoto nyumbani, au atakopa, au atatazama juu ya kitanda chake aone kuna kitu cheupe kinachoning'inia pale.

Basi tuulize kabla ya kutangaza. Tuseme, "Njoo na ulicho nacho." Na mtoto akikosa mazoezi mara mbili, tumtembelee kwao kimya kimya, bila kumtaja kanisani.

Igizo la mwaka 2024

Mwaka ule watoto wakubwa waliomba tuongeze sehemu ya familia takatifu kukimbilia Misri. Tulikubali, kwa sababu mavazi yake hayahitaji kununuliwa. Pia hapa kwetu hakuna mtu mzima anayehitaji kuelezwa jinsi familia inayokimbia inavyoonekana. Mwezi wa Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi waliingia Kagunga, akina mama wakiwa na watoto mgongoni, wakalala ufukoni mpaka meli ya MV Liemba ilipowachukua kwa zamu hadi Kigoma, wakielekea kambi ya Nyarugusu. Kipindupindu kilikuwa kikiwaandama. Wengi wetu tuliwapikia uji.

Mariamu wetu aliingia kanisani amevaa kitenge cha mama yake, mwanasesere yuko mgongoni, furushi kichwani. Yusufu alimfuata amebeba mkeka na sufuria. Hapakuwa na makofi. Bibi mmoja wa benchi la pili aliinuka taratibu, akaenda mbele, akamtua binti yule mzigo, kama mtu aliyesahau kuwa ni igizo. Kisha akarudi kukaa, akijipangusa macho kwa ncha ya kanga.

Binti aliyekuwa na mabawa mwaka 2023 alikuwa malaika tena. Safari hii alivaa shati la baba yake, nyuma mbele, bila mabawa, na alilitangaza neno lake kwa sauti iliyofika mlangoni. Mama yake alikuwa amekaa mbele na yule mdogo mapajani, akila andazi.

Tulipowaaga wazazi usiku ule, pamoja na kuwatakia Krismasi njema, tulimwuliza kila mmoja kama chandarua kiko kitandani. Walicheka, lakini walijibu.

Nawe mama, unaposoma haya, fungua sanduku lako kabla ya kufungua mkoba. Bwana alizaliwa akafungwa vitambaa vilivyokuwapo, akalazwa mahali palipokuwapo. Hatatudai zaidi ya hapo.

Mungu awabariki ninyi na watoto wenu.